Trâm Aliitika, Hakukubali

Cabramatta, Sydney
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa Mama mdogo Nhàn,

Kabla hata sijakuamkia niache niseme hili, maana nikianza na salamu nitaishiwa na ujasiri: nilimwona Mjomba Sáu akimkaba Lệ. Hakuna mtu niliyemwambia. Hata dada Trâm hajui.

Sasa shikamoo. Goti linasemaje? Bata walinusurika na mafuriko? Sisi tupo, ila Mama ameungua mkono. Nisamehe mwandiko, shule nzima ni Kiingereza, lugha yetu naisoma darasa la Jumamosi tu.

Ulisikia Sáu amefungwa kwa kumbaka Trâm kwenye stoo ya duka lake la mikate, ukashukuru. Basi ametoka. Mahakama ya rufaa imetengua hukumu, kesi inaanza upya, na amepewa dhamana.

Shida ya kwanza ni lile neno. Wewe unajua, mkubwa akisema nawe unaitika dạ, kama abee. Trâm aliitika hivyo huku amekabwa, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, na yule ni tajiri wake na sote tunamwita Mjomba ingawa hatuna damu naye. Mkalimani wa mahakama akaligeuza kuwa "ndiyo". Sáu akadai aliamini amekubaliwa. Jaji aliwaambia wale raia kumi na wawili wanaoamua hatia kwamba kutopigana si kuridhia, lakini wakubwa wake wa rufaa wanasema hakuwaeleza vizuri jinsi ya kuyapima madai ya Sáu.

Ya pili ni Lệ, aliyefanya kazi pale kabla ya Trâm. Alitoa ushahidi kwamba naye alikabwa vilevile, ionekane kwamba ndiyo tabia ya yule mtu. Lakini wakati ule yeye na Trâm walikuwa wamepanga chumba kimoja, na jaji hakuwaonya wale raia wajiulize kama walilinganisha maneno.

Juzi mke wa Sáu akaja mlangoni kwetu.

"We Mama Trâm! Mwanao alisema ndiyo kwa mdomo wake! Imeandikwa mahakamani!"

"Ngoja nami nikuandike usoni!" Mama akatoka na sufuria ya supu ya phở inachemka.

"Malaya kazaa malaya!"

Supu ikaruka. Nusu ilimpata yule mama kifuani, nusu ikamrudia Mama mkononi. Wakashikana nywele, wakaangukia viatu vyetu pale mlangoni, wanang'atana. Trâm akashuka ngazi kimya kimya. Akapiga kioo cha mlango ngumi, akapiga tena, hadi nyama ya mkono ikaning'inia.

"Mnasema sikusema hapana," alisema. "Haya, hiyo mmeisikia?"

Kisha wakili wa serikali akapiga simu kuuliza kama Trâm atasimama tena kutoa ushahidi. Trâm akajibu, "Waniache. Nilishavuliwa mbele ya watu mara moja, inatosha." Asiposimama, na Lệ akiwa ameshatiwa doa, kesi inaweza kufutwa. Na Sáu ameajiri msichana mpya, ametoka huko Vietnam, Cà Mau, juzi tu. Nilimwona anapanga mikate, anacheka na kila mteja.

Sasa niliyoyaona. Trâm alikuwa bado hajaanza kazi pale; nilikuwa nimetumwa mikate, na mlango wa stoo haukuwa umefungwa sawasawa. Sáu alikuwa amembana Lệ kwenye magunia ya unga, mkono mmoja shingoni, mwingine unamgonga kichwa kwa mpini wa koleo la kutolea mikate. "Itika! Itika vizuri!" Uso wa Lệ ulikuwa umeiva kama zambarau. Sáu akalegeza vidole kidogo, sauti ipite tu.

"Dạ."

"Sikusikii!" Akamgonga tena, damu ikaingia kwenye unga.

"Dạ, Mjomba."

Akacheka. Nikakimbia. Nilidhani anamwadhibu kwa kuunguza mikate. Mimi hata darasani sinyooshi mkono, Mama mdogo; ningeanzia wapi?

Lakini ona: lile neno halikumdanganya Sáu. Alilikamua mwenyewe. Na mimi sijawahi kukaa na Lệ hata kunywa chai, kwa hiyo nani atasema tumepanga? Mama atasema nikitoa ushahidi wakili wa Sáu atanichana vipande. Najua. Usiku naota nimeshika ule mpini, nampiga Sáu mpaka asiweze kuitika.

Nisalimie Babu, na binamu Thắm na mwanawe. Mizimu yetu iwafunike nyote, mvua inyeshe kwa kiasi.

Mtoto wako akupendaye,
Uyên

Nasikia nyayo kwenye ngazi. Ni Trâm, anapanda polepole, ule mkono wa bendeji unakwaruza ukuta. Nimeifunika barua kwa kitabu cha hesabu.

Nakiondoa. Asome yeye kwanza, wewe baadaye.