Kiti cha Baba Hakina Besi

Jumamosi, 3 Mei
Nimefua sare. Nimesoma fizikia kidogo. Baada ya chakula Baba kawasha sabufa yake kama kila Jumamosi. Dansi la zamani. Kabla sijazaliwa alikuwa mpiga gitaa la besi kwenye bendi huko Songea, na mpaka leo anachosikiliza ni besi tu, ile sauti nzito ya chini. Waimbaji hawamhusu. "Besi haipo," kasema, kapandisha sauti. Sahani zikatetemeka kabatini. Mama Shani, jirani tunayepakana naye ukuta, akagonga. Ni muuguzi, yuko zamu ya usiku, mchana ndio analala. Baba hakusikia. Mie nilisikia. Nikaona aibu, nikaingia chumbani.

Jumapili, 4 Mei
Baba mwenye nyumba kaja tulipotoka kanisani. Hakukaa. Kasema Jumapili ijayo anarudi. Akimkuta Mama Shani bado analalamika, sabufa itoke au sie tutoke.
"Sawa, mzee," Baba kasema. Basi.
Jioni kaanza kukunja waya, kisha kauacha. Anasema ataiuza. Kasema kwa upole, ndiyo maana imeniuma.

Jumanne, 6 Mei
Nimepakua programu ya kupimia sauti kwenye simu ya Mama. Ina ikwalaiza pia, ya kuongeza au kupunguza besi. Nilicheza mlio mzito kwenye sabufa kwa bluetooth, nikaishika simu juu ya kiti cha Baba, kile kinachotazama mlango. Ndege zinazotua uwanja wa jirani zinaharibu vipimo, kila mara nasubiri zipite. Kwenye kioo cha simu mstari wa besi umezama pale kitini. Baba kasema kweli.
Nikaongeza besi kwenye ikwalaiza. Shimo limebaki shimo. Nikaongeza mpaka mwisho. Vilevile, ila kabati lote linalia.
Nimeshindwa. Nina hasira.

Alhamisi, 8 Mei
Nimekaa maktaba mpaka wakafunga. Sauti ikigonga ukuta hurudi, na kuna mahali inayokwenda na inayorudi zinafutana. Kiti cha Baba kiko hapo hapo. Ukiongeza, zote mbili zinaongezeka, na zinaendelea kufutana. Na sabufa tumeiegemeza kwenye ukuta wa Mama Shani kwa sababu soketi ipo pale.
Ili niwe na hakika lazima nisikilize kwake. Nilisimama mlangoni pake nikijifanya nafunga kamba za viatu. Akafungua mwenyewe.
"Shikamoo."
"Marahaba. Wamekutuma uniombe msamaha?"
"Hapana. Naomba kusikiliza ukuta wako."
Akanitazama. "Nyumba hii haiishiwi vituko. Ingia."
Mama, niliyemwachia simu, akacheza mlio kwetu, kwa sauti ya kawaida. Kitanda cha Mama Shani kimeegemea ukuta uleule. Nikaweka sikio karibu na mto. Besi yote anayoitafuta Baba iko pale.
"Umeona?" kasema. "Baba'ako ananipigia gitaa kwenye fuvu."
Kwa hiyo mambo mawili. Sabufa itoke ukutani. Baba atoke kwenye kiti chake. La kwanza linataka waya mrefu tu. La pili sijui nani atamwambia.

Jumamosi, 10 Mei
Asubuhi nimeihamishia sabufa upande wa pili, karibu na meza ya televisheni. Nikazunguka sebule nzima na simu. Besi imekaa vizuri mwisho wa kochi, anapokaaga Mama. Nikaomba tusogeze kochi ili kiti cha Baba kikae hapo. Mama kakataa. "Mgeni akiingia aone mgongo wa kochi?"
Baba alipomaliza kula nilisema nikiwa natazama sakafu.
"Baba, hicho kiti hakina besi. Naomba uhamie kwenye kochi."
"Kiti hiki?"
"Ndiyo."
"Nimekikalia tangu tuhamie."
"Ndiyo, Baba."
Nilitaka kulia. Mama ndiye aliyecheka kwanza. "Hama, mume wangu. Tumemlipia ada ya nini?"
Akahama, nikawasha dansi lake. Kulikuwa na sauti moja nzito inayovuma kuliko nyingine, nikaipunguza kwenye ikwalaiza. Nikashusha sauti chini kuliko siku zote. Baba akafumba macho. Vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kutembea pajani.
"Mpiga besi huyu hapa alikosea," kasema taratibu. "Miaka yote hii sikuwahi kumsikia."
Hakuna aliyegonga ukuta.

Jumapili, 11 Mei
Mwenye nyumba kaanzia kwa Mama Shani. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya pazia.
"Jana?" Mama Shani kasema. "Jana nilijua wamesafiri."
Mzee hakuingia hata kwetu.
Jioni Baba yuko kwenye kochi, sauti ya sabufa iko chini. Mama kakaa kwenye kiti kinachotazama mlango, anachambua maharage. Kasema hapo kweli besi haifiki.
"Basi njoo ukae huku," Baba kamwambia.
"Sitaki. Hapa pametulia."