Theluji Inataka Kulala

Jumatatu, 20 Novemba

Siku ya kwanza. Nimechoka mpaka kucha! Miaka kumi na sita nimekaa ofisini Innsbruck nikipiga hesabu za maji ya mahandaki — yatoke wapi, yapite wapi, bomba la upana gani — na miaka yote hiyo sikuwahi kulowa hata soksi. Leo nimelowa mpaka chupi. Nina furaha kama mwehu.

Ofisi imenipa likizo bila mshahara. Kiti changu kinanisubiri mpaka Jumatano tarehe 6 Desemba, saa sita mchana. Nisipojibu, mkuu wa ofisi, Daktari Plattner, anampa mwingine. Huku mlimani nako niko kwenye majaribio: Lois Praxmarer, mkuu wa miteremko ya kuteleza kwenye theluji, ataamua siku ya ufunguzi wa msimu kama ananichukua au la. Na ufunguzi ni tarehe 8, sikukuu ya Bikira Maria. Yaani niachie tawi la kwanza kabla sijashika la pili. Nani alipanga hivi? Mimi mwenyewe. Mjinga!

Jambo moja limenichoma. Kwetu, ukishapita mwinuko wa mita elfu moja hakuna cheo. Chini huko uwe profesa, uwe diwani. Huku juu ni jina lako tu. Mtu wa pampu ni Gerold. Mwenye hoteli kubwa ni Toni. Mimi? "Bibi Mhandisi, shika koleo." Lois huyo. Na wote wakacheka. Tuko mita elfu moja na mia nane!

Jumatano, 22 Novemba

Mama. Nilijua tu.

"Nilikamua ng'ombe alfajiri miaka kumi na mitatu ili wewe usome. Leo unaniambia unakwenda kumwagilia mlima?"

Nikamwambia si kumwagilia, ni kutengeneza theluji. Akasema theluji anatengeneza Mungu, na Mungu asipotaka, watu wakae kwao. Kisha akaniongeza supu ya madonge ya mkate, na wakati naondoka akanitupia soksi nene za marehemu baba. Sasa hapo amekubali au amekataa? Mama huyu!

Jumamosi, 25 Novemba

Baridi imeingia! Nyuzi saba chini ya sifuri, hewa kavu. Mizinga yote kumi na miwili inatema tangu alfajiri — pampu zinasukuma maji ya bwawa, mizinga inayapuliza hewani kama ukungu, yanafika chini yakiwa theluji. Inajilundika vichuguu vikubwa kuliko banda la Mama.

Lois hatazami skrini. Anasimama chini ya mzinga, ananyoosha mkono, anaangalia punje zinavyoangukia koti lake. Zikidunda, sawa. Zikiganda kwenye kitambaa, theluji ina maji mengi. Nimempima kwa kifaa changu mara tisa. Mara tisa hakukosea. Inaudhi!

Kuhusu vichuguu vya mteremko wa chini amesema: "Viache siku mbili. Visiguswe." Nikauliza kwa nini siku mbili, kwa nini si saa ishirini, thelathini?

"Kwa sababu theluji inataka kulala, Bibi Mhandisi."

Hayo ndiyo maelezo. Basi.

Jumapili, 26 Novemba

Lois yuko bonde la pili, mjukuu wake anabatizwa. Nimekaa na kalamu. Uzito wa theluji, maji yaliyobaki ndani, kasi ya kuchuruzika. Saa ishirini zinatosha, na ziada juu.

Gerold akasema, "Lois alisema kesho." Nikamwambia Lois akirudi atakuta kazi imekwisha, atafurahi. Akajikuna kichwa. "Haya. Mimi sijaona kitu."

Nimepanda trekta la minyororo, nimesambaza vichuguu vyote vinne kabla ya jua kuzama. Mteremko umenyooka kama shuka lililopigwa pasi. Nimeupiga picha, nimemtumia Mama. Hajajibu.

Jumatatu, 27 Novemba

Aibu. Aibu, aibu, aibu.

Kioo! Mteremko mzima umekuwa kioo. Maji hayakuwa yametoka. Trekta limeyakandamiza, baridi ya usiku imeyagandisha. Kocha wa klabu ya mbio za theluji, mtu wa kilo tisini, alikuja kukagua akaenda kwa makalio mita mia mbili mpaka kwenye wavu wa usalama. Hakuumia, namshukuru Mungu. Matusi yake yalisikika kanisani.

Nimeirudia hesabu. Ilikuwa sahihi kabisa — kwa kokoto! Nimetumia kanuni ya kokoto za handaki. Kokoto haziyeyuki wala hazishikani. Miaka kumi na sita ya maji, halafu naangushwa na maji!

Gerold kwa huruma yake akasema tudai hali ya hewa iligeuka ghafla. Nilitamani, sitadanganya. Lakini nilimsubiri Lois mlangoni mwa gereji, nikamwambia: ni mimi, uliniambia nikakaidi, Gerold alinikanya. Hakupaza sauti. Heri angepaza. Akatembea mpaka mteremkoni, akagonga barafu kwa kisigino. Tok, tok.

"Unajua kuivunja?"

"Sijui."

"Basi panda, Burgi. Nikuonyeshe."

Burgi! Siku niliyostahili kufukuzwa ndiyo siku ameniita jina langu. Nimelia kidogo kwenye trekta. Kelele za injini zimenisitiri.

Jumatano, 29 Novemba

Siku mbili tunavunja. Mikono ina malengelenge, mwandiko huu hata mimi siujui. Lakini imesagika! Tumekula mkate mweusi na nyama ya moshi tukiwa tumekaa kwenye minyororo ya trekta. Lois ameniambia naye aliwahi kuiamsha theluji mapema, ujanani, na mkubwa wake akamlazimisha kuiramba. "Kila mtu anafanya mara moja. Tunayemfukuza ni wa mara ya pili."

Jumapili, 3 Desemba

Upepo wa moto wa kusini, ule unaoumiza watu vichwa. Nyuzi kumi na moja JUU ya sifuri! Mama anaumwa kichwa, kijiji kizima kinaumwa kichwa, na padri leo amefupisha mahubiri. Nusu ya mteremko wa chini imekwenda na maji. Majani yanachungulia.

Lois hakunificha: bila mteremko wa chini hakuna ufunguzi, na bila ufunguzi kampuni haimruhusu kuajiri mtu mpya. Nimshukuru kwa ukweli wake. Nimeshukuru, kwa meno yaliyoumana.

Na leo hii hii, Plattner kaandika. Nikirudi nitakuwa mkuu wa kitengo. Mkuu! "Tunakusubiri, Bibi Mhandisi." Nimeisoma mara nne. Ofisi ile ina joto. Ina mashine ya kahawa. Haina kuomba upepo ugeuke. Nimetamani, na nimejichukia kwa kutamani, na nimetamani tena.

Jumatatu, 4 Desemba

Bado joto. Mama kaniuliza nimeshajibu ofisini. Nikasema bado. Akaendelea kumenya viazi. Halafu, bila kuniangalia: "Maji ukiyavulia nguo, mwanangu, huna budi kuyaoga."

Kumbe yuko upande wangu! Tangu lini?

Jumanne, 5 Desemba

Mgongo wa Lois umekatalia kitandani. Kanipigia simu, sauti kama ya mtu anayebeba jiwe. Kesho asubuhi upepo utakufa, baridi itarudi. Bwawani maji yamebaki ya mara moja tu. Yakifunguliwa mapema mno, tunapata uji. Yakichelewa, theluji haitalala ya kutosha kabla ya Ijumaa. Ikiwa kavu kabisa, anasema, siku moja na nusu itatosha. Ikiwa na maji, hata wiki haitoshi.

"Utaamua wewe saa ya kufungua."

Nikamwambia Gerold ana miaka ishirini hapa!

"Gerold anazijua pampu. Wewe sasa unaiogopa theluji. Namtaka anayeiogopa."

Jumatano, 6 Desemba

Saa tatu asubuhi. Upepo umekufa kweli. Nyuzi mbili juu ya sifuri. Gerold: tufungue? Bado.

Saa nne na nusu. Sifuri, lakini unyevu mwingi. Gerold anazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Meneja wa kampuni kapiga simu: mbona mizinga kimya, kila kijiji kinatema! Bado, nikasema. Nani kasema bado? Mimi. Nikakata simu.

Saa tano na dakika ishirini. Nyuzi tatu chini, na hewa imekauka! Nimefungua. Pampu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu inakohoa — inakohoa — imekubali! Gerold kanikumbatia, kaninukia grisi.

Saa sita kasoro dakika kumi. Niko meza ya kuendeshea pampu, glavu moja mdomoni. Mizinga ya juu inatema kavu kabisa, nimeipima kwa mkono wa koti, hata kifaa sikukitoa mfukoni. Plattner kapiga. Ndiyo au hapana, Bibi Mhandisi? Nikamwambia niko kazini. Akasema basi atapiga saa sita kamili, na nisiposhika atajua nimekataa, kiti atampa mwingine.

Kasoro dakika nane. Kasoro saba. Gerold anaita huko nje, "Burgi! Mzinga namba nne unatoa maji! Burgi, njoo!" Kwenda na kurudi namba nne ni dakika ishirini. Simu naiacha hapa juu ya daftari. Natoka.