Jina ya Papa ku fasi ya bapatron

Lubumbashi, dimanche

Yaya Kiki,

Shiye bote tuko bazima. Mvua imeanza, Mama ameshapanda mahindi nyuma ya nyumba, na anauliza kama kule Ndola unakula muzuri.

Unajua miimbo yangu: naimba mapendo, kisha naita majina ya bapatron benye banalipa studio. Jina ya Muhindo, ule wa simenti, nimeiita sana mpaka batoto ya hapa Kasapa banafikiri ni jina yangu. Nikipita, banapiga kelele: «Muhindo! Muhindo!»

Sasa nimefanya wimbo ya marehemu Papa. Muhindo akataka nimuite yeye wa kwanza. Nikakatala, akaacha kulipa studio. Ile wimbo haitapita ku radio. Naiimba ku mabaa tu, na ku fasi ya bapatron naita jina yake: «Kunda Mwape wa Kinsevere!»

Juzi muntu moja akaniuliza:

«Guelor, ule Kunda ni patron gani? Alikupa nini?»

Nikamujibu: «Gitare.»

Ile ya bidon ya mafuta, Yaya, yenye aliwekea nyuzi za breki ya baiskeli yake, kisha akaanza kwenda ku kazi na miguu.

Mudogo yako,
Guelor