Bakuli la Kuku wa Kabazi

Jumapili, 3 Agosti
Warsha ya sayansi kwenye makumbusho inaanza kesho. Kila mwalimu aje na wanafunzi wawili na kitu cha kale kutoka nyumbani. Nyumba yetu ya kupanga hapa mtaa wa Section 58 — kitu cha kale humo ni mimi! Tulienda Kabazi kwa mama yake Wachuka, mke wangu, tukala mukimo. Nyuma ya jikoni nikaona lile bakuli la jiwe lenye ufa ukingoni, analonyweshea kuku. Nikalitia kwenye buti la gari bila kuuliza. Ni la kuazima tu. Wikendi litakuwa limerudi.

Jumatatu, 4 Agosti
Mwalimu Sue wa Rongai alileta pasi ya makaa. Mimi nikaweka bakuli mezani. Daktari Achola, mtaalamu wa makumbusho, akavua miwani. Akaivaa tena. Kumbe wafugaji wa zamani wa bonde hili walichonga bakuli kama hili kabla mahindi hayajafika huku! Akauliza nimelitoa wapi. Nikasema nililichimbua shambani. Ulimi hauna mfupa. Wakanipigia makofi. Miaka kumi na saba nafundisha, sijawahi kupigiwa makofi.

Jumanne, 5 Agosti
Bakuli liko ndani ya kioo. Wanafunzi walikwangua ukoko wa chini wakautazama kwa hadubini. Daktari anahisi ni mabaki ya sadaka. Jemutai wangu wa gredi ya nane akaunusa.
“Ticha, si hii ni growers mash, chakula cha kuku?”
Nikamwambia mwanasayansi hakimbilii jibu. Akaliandika hilo kwenye daftari! Niliona aibu. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema anachokiona.

Alhamisi, 7 Agosti
Mama mkwe amempigia Wachuka simu. Bakuli alilirithi kwa mamake, na sasa limeibwa. Kuku nao wanapindua karai la plastiki. Anamshuku jirani yake, Mzee Kang'ethe. Ameshamshtaki — Jumatatu mzee wa watu anaitwa kwa chifu! Wachuka akaniuliza mbona sili. Nikasema tumbo.

Ijumaa, 8 Agosti
Nilienda kulichukua. Limeshapewa namba. Daktari akaniwekea karatasi nitie sahihi, kwamba natoa bakuli “langu” kwa makumbusho. Nikasema kalamu imeisha wino. Akanipa yake. Nikasema nitarudi.

Jumamosi, 9 Agosti
Siku ya wazazi. Naandika nikiwa kiti cha nyuma kabisa. Wachuka, bila kujua lolote, amemleta mamake aone mkwe wake akipewa cheti! Yuko mstari wa mbele, kitambaa cha kanisa kichwani. Daktari anaeleza habari za sadaka. Mama mkwe ameinuka. Amekaribia kioo. Anatazama ule ufa wa ukingoni.

Hajapiga kelele. Ameuliza kwa adabu tu: “Daktari, na hii mliitoa wapi?”

Daktari ametabasamu, akaninyooshea mkono. “Ni ya mwalimu wetu Kemboi, aliichimbua kwa shamba yake!”

Ukumbi mzima umegeuka. Wanapiga makofi. Mama mkwe hapigi. Ananiangalia tu, nami nawaza Mzee Kang'ethe na Jumatatu yake. “Simama useme kitu, Mwalimu!” anasema Daktari.

Jemutai amefungua daftari, kalamu mkononi. Anangoja niseme nilichokiona.