Ndama wa Maharage

Shikamoo Mama,

Katesh ni baridi, sweta uliyonifumia siivui hata darasani. Leo nimeshindwa na wanafunzi wangu! Tumeunda roboti za mota ndogo na vifuniko vya soda, zishindane kusukuma maharage, ambayo ndiyo ng'ombe wetu, hadi kwenye boma nililochora kwa chaki. Kanuni yangu: atakayewahi kuingiza mengi ndiye mshindi. Roboti yangu ikawahi, nikaanza kushangilia peke yangu. Paskalina, binti wa wafugaji, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, umemwacha ndama. Boma halifungwi hivyo."

Kweli, harage dogo kuliko yote lilikuwa nje. Darasa zima likaninyima ushindi.

Asante kwa kunilelea mwanangu Neema. Mwambie Jumamosi namfuata. Boma langu bado halijafungwa.

Mwanao,
Rehema