Mama Mkwe Amesugua Sufuria Zangu Nyeusi Mpaka Zimekuwa Nyeupe

Dada mshauri, salamu nyingi, mimi ni msomaji wako wa siku zote na sikuwahi kudhani ipo siku nitakaa chini nikuandikie, maana matatizo ya watu hapa kwako huwa ni makubwa, ya ndoa kuvunjika na watoto kupotea njia, na langu mimi ni la sufuria, lakini usicheke kwanza, soma mpaka mwisho, kwa sababu hizo sufuria ndizo zinazotaka kunivurugia nyumba.

Mimi ni msusi, nashinda saluni nimesimama, na nikirudi nyumbani miguu inawaka moto, ndipo niingie jikoni niwapikie watu sita, mimi na mume wangu ambaye ni fundi umeme, watoto wetu watatu, na mama mzazi wa mume wangu, ambaye tunaishi naye tangu magoti yalipoanza kumsumbua akawa hawezi tena kukaa peke yake. Sasa miaka yote nimepikia sufuria za kuokoteza, hii ya zawadi ya harusi, ile nimepewa na dada yangu, vitako vimebonyea mpaka hazikai sawa jikoni, wali unaungua pembeni katikati mbichi, uji unashika, na mimi kama kuna kazi inayonitoa roho ni kukwangua sufuria. Kwa hiyo nikajibana, nikanunua seti mpya, zile nyeusi ndani zisizoshika chakula, zenye vifuniko vya kioo, nzuri we acha tu, nikakaanga mayai karibu bila mafuta yakateleza yenyewe, nikawaita watoto waje waone.

Furaha yenyewe haikudumu. Lazima nikueleze kwamba kuosha vyombo pale nyumbani ni kazi ya mama, hakuna aliyempa, aliichukua mwenyewe alipohamia, maana kusimama sana hawezi, kufua hawezi, lakini akiwekewa kigoda na beseni pale uani anaosha sufuria mpaka unajiona sura, na majirani wakipita wanamtania, "Mama, hizi si ndiyo umezinunua leo?" naye anafurahi siku nzima. Basi siku hiyo narudi kazini nakuta sufuria zimepangwa juani, zinang'aa nje na ndani, nikauliza hizi za nani tena, na mama akaniambia, kwa furaha kabisa, "Mkwe wangu, wale walikuuzia sufuria zilizoungua. Masizi yalikuwa yameganda ndani zote, hata moja haikupona. Nimesugua kwa waya na mchanga tangu mlipoondoka, mikono imekufa ganzi, lakini yametoka. Usirudi tena kwenye duka lile, wezi wale."

Dada, nilifungua mdomo, na kilichotoka ndicho kinachoniuma. Nilimwambia, "Mama, basi. Kuanzia leo vyombo vya nyumba hii usiviguse. Wewe pumzika tu." Sikumtukana wala sikupandisha sauti, watoto ni mashahidi, lakini yeye alijifuta mikono kwenye nguo yake akaniuliza, "Vyote?" nikamjibu vyote, akasema, "Haya," akaingia ndani.

Tangu hapo sijui niseme amenuna au hajanuna, maana hagombani na mtu. Akimaliza kula anasema ahsante kwa chakula, utadhani yuko hotelini, anarudi chumbani kwake. Juzi aliomba maji ya kunywa, aliomba, ndani ya nyumba ya mwanawe, na mtungi uko palepale. Jana nimemkuta anampa binti yangu begi lake la safari alipeleke kwa fundi viatu likashonwe zipu, na nimemsikia akimwambia wifi yangu kwenye simu kwamba mwisho wa mwezi anahamia huko, na wifi anakaa ghorofa ya nne, ni ngazi tupu, na magoti yale. Mume wangu si mtu wa maneno mengi, ila aliniambia, "Umemwachisha mama yangu kazi," akachukua bisibisi zake akaondoka, nikabaki naongea peke yangu.

Sasa amekubali tununue sufuria nyingine na hapo ndipo nimekwama, mimi nataka seti ileile maana raha yake nimeshaionja, na mwenzangu wa saluni ananishauri ninunue nifungie kabatini, ufunguo nitembee nao, nikimaliza kupika nioshe mwenyewe kwa sponji laini, na mama apewe zile kuukuu azisugue atakavyo, lakini mume wangu anasema siku kabati la jikoni kwake likifungwa kwa ufunguo yeye chakula chake atakula nje. Nisaidie dada, ninunue sufuria za aina gani zitakazodumu kwenye nyumba kama yangu, na nifanye nini mama asiondoke, kwa sababu watu watasema nimemfukuza, na mimi sikumfukuza, nilimwambia apumzike.

Ni mimi, Mkwe wa Watu.

*

Mkwe wa Watu, pole kwa sufuria zako. Natoa pole ya kweli, maana mtu akijibana akanunua kitu chake, halafu akakuta kimesuguliwa kwa mchanga, ana haki ya kukaa chini akalia. Ukishamaliza kulia, futa uso tuzungumze.

Nitaanza na sufuria kwa sababu na wewe umeanza nazo, ingawa nadhani ulizitanguliza kwa kuwa ni rahisi kuziandika kuliko lile lingine.

Seti ileile usinunue. Hata mama yako mkwe asingekuwepo ningekuambia usinunue. Hebu tazama ni nani wanaingia jikoni kwako. Kuna wewe unayerudi umechoka, unaweka kikaango motoni kitupu halafu unakwenda kubadilisha nguo. Kuna watoto watatu wanaopakua kwa kijiko cha chuma na kukwangua ukoko. Mume wako simfahamu, ila sijaona bado mwanamume anayetoa yai kwenye kikaango kabla ya kulikata kwa kisu humohumo. Sufuria zile zinamfaa mtu mmoja mwenye mikono ya taratibu, anayeziosha kama anaogesha mtoto mchanga. Kwa watu sita zisingemaliza mwaka, mama aliwahi tu. Na hizo zilizosuguliwa usizipikie tena, zitoe kabisa jikoni, kwa sababu zile tabaka nyeusi za ndani zikishaanza kubanduka zinaendelea kubanduka, na zinakoishia ni kwenye sahani zenu.

Mara hii usinunue seti yoyote. Seti inakutamanisha kwa wingi wa vipande, na nusu yake utakuja kuwekea vitunguu. Wewe unahitaji sufuria kubwa ya wali wa watu sita na nafasi kidogo ya mgeni, ya kati ya mboga, ndogo ya uji na chai, na kikaango kimoja kizito cha chuma. Basi. Sufuria ziwe za chuma cha pua au za alumini nzito, zisiwe na rangi yoyote ya kupakwa ndani, ili mtu akisugua akutane na chuma kilekile mpaka achoke yeye. Usiangalie mng'ao, geuza uangalie kitako. Kibonyeze kwa kidole gumba, kikiitikia, mrudishie mwenye duka. Iweke juu ya meza yake uiguse ukingoni, ikiyumba achana nayo. Ule wali wako wa katikati mbichi haukuwa ujinga wako wa kupika, ulikuwa ni wembamba wa kitako, moto unapita kama kwenye karatasi. Mikono ya sufuria iwe imepigiliwa kwa ripiti, ile misumari butu ya chuma, wala usikubali ya plastiki iliyoshikwa na skrubu moja, maana siku ikikatika utakuwa umebeba maharage ya moto na mtoto yuko miguuni. Vifuniko navyo viwe vya chuma. Kioo kwenye nyumba ya watoto watatu ni pambo.

Utaniuliza, na kushika je? Itashika mara mojamoja, sikudanganyi. Ukipakua, mimina maji ndani wakati sufuria bado ina moto, nenda ukale, ukirudi ukoko umejiachia wenyewe. Kikaango kipashe kwanza, ndipo utie mafuta, ndipo yai. Ndiyo, mafuta utatumia, na hakuna aliyekufa kwa kijiko kimoja.

Sasa lile lingine. Unasema hukumfukuza, ulimwambia apumzike. Tuseme kesho unafika kazini na mwenye saluni anakuambia mbele ya wateja, "Wewe kuanzia leo usiguse kichwa cha mtu, kaa pale upumzike." Utakaa? Utasema ahsante? Wewe utaanza kutafuta mkoba wako uko wapi, na ndivyo anavyofanya mama. Pale nyumbani alikuwa na kazi moja aliyoiweza kwa magoti aliyonayo, majirani wanamjua kwayo, na wewe umeichukua kwa sentensi moja ukaiita kupumzika.

Na kuna jambo umeliandika likakupita. Yai lilipoteleza, uliwaita watoto waje waone. Mama ulimwita? Alikuwa humo humo ndani. Hakuna aliyemwambia kwamba sufuria ile imezaliwa nyeusi. Alichoona ni mkwe wake ameibiwa dukani, akakaa juani siku nzima anakutetea kwa mikono yake miwili, na ahsante yake ndiyo hiyo uliyompa. Mimi nisingeshona zipu tu, ningenunua begi jipya.

Huyo mwenzako wa saluni mwambie ashughulike na vichwa vya watu, habari za kabati na ufunguo azisahau. Ukifungia mama mkwe sufuria, hata akibaki atakuwa ameshaondoka. Hapo mume wako yuko sawa, japo angeweza kusema zaidi ya maneno manne, na wewe mwambie hivyo kutoka kwangu.

Fanya hivi, na ufanye wiki hii kabla begi halijarudi kutoka kwa fundi. Ingia chumbani kwake, ukae, useme, "Mama, nilikosea kukuambia vile." Ishie hapo. Usianze kumweleza habari za tabaka na sponji, kwa sababu ukianza kueleza utajikuta unajitetea, na msamaha wenye maelezo mengi unageuka kesi. Kisha mwambie mnakwenda dukani pamoja, kwa kuwa wewe dukani unaona vifuniko na yeye anaona chuma. Kodi gari, magoti yale si ya kutembezwa. Mkifika, mpe kiti na umletee sufuria moja moja azigeuze, azigonge, azipime mkononi. Akichagua nzito kuliko ulivyotaka, nunua. Akichagua yenye sura mbaya, nunua. Wewe utakuwa unazipikia, yeye ndiye atakayeishi nazo.

Kesho yake asubuhi pika uji kwenye sufuria mpya, na siku hiyo moja sahau niliyokufundisha, acha ushike. Usiloweke, usikwangue. Mpelekee mama uani ikiwa na ukoko wake na waya wa kusugulia ndani. Akikuuliza kama ameruhusiwa, usimpe hotuba. Mwambie unachelewa kazini, na hiyo sufuria utaihitaji jioni.