Injini Aliyoirudisha Baba

Unaiza, Qasimu
17 Rajabu 1446

Mpendwa kaka Mishari,

Assalaam alaykum. Vipi baridi ya huko Kanada, na kile kikohozi kimekuacha? Mama anauliza kama unakula vizuri. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila mimi bado sijatulia kwa niliyoyaona wiki hii.

Siri yetu imefichuka. Injini ya gari la Baba ilipokufa na watu wa wakala wa magari wakamwekea mpya bure, alidhani ni dhamana ya kiwandani, nasi tukanyamaza. Jumatatu tulikwenda kubadilisha oili. Karani wa dirishani akamwambia kwa bashasha, "Ami, mshukuru mwanao Mishari! Dhamana ya kiwandani iliisha zamani, yeye ndiye aliyekununulia ya nyongeza."

Baba aligeuka rangi. Unamjua: kwake yeye dhamana ya kununuliwa kando ni sawa na bima, unalipia kitu usichojua utakipata au utakikosa, basi ni kamari tu. Akaniamuru nimpeleke kwa Sheikh Dhafir papo hapo.

Sheikh akajaribu kumpoza. "Abu Mishari, hukujua, huna dhambi. Katika thamani ya injini, chukua kiasi alicholipa mwanao, kilichozidi warudishie wakala."

"Sina cha kuwarudishia."

"Lipa kidogo kidogo."

"Nife na deni? Nitawarudishia injini yenyewe."

Wallahi nilidhani anatania! Kesho yake aliliendesha gari hadi kwa wakala, na gari la kuvuta alilokodi la kulirudisha likitufuata nyuma. Meneja alimsihi, akamletea kahawa na tende, akaapa kwamba kampuni haimdai chochote. Wapi! Wakaing'oa mbele ya macho yangu, nami nimesimama mdomo wazi kama mjinga.

Mama, aliyekwisha kufunga mizigo ya umra ya Ramadhani, alilizunguka gari lilipoletwa nyumbani. "Haya, mume wangu," akasema, "nipandishe kwenye bati lako twende Makka." Baba akaingia ndani kutawadha.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba tangu siku hiyo hajalitaja jina lako. Watu wakimwita Abu Mishari anaitika kwa kichwa tu. Nimekasirika, kaka, maana ulichofanya ni kumpenda.

Shangazi Mudhi anakusalimu sana, na mwanawe Bandar anasema usisahau viatu vyake. Mungu akulinde ugenini na akurudishe kwetu salama.

Nilitaka kuishia hapo, lakini acha nikwambie na hili. Siku hizi kila baada ya alasiri Baba hukaa uani kwenye kiti cha dereva, ndani ya gari lisilo na injini, simu mkononi. Jana aliniuliza bila kunitazama, "Hussa, huko kwa Mishari sasa hivi ni saa ngapi?" Nikamwambia ni alfajiri. "Basi tumwache alale," akasema, akairudisha simu mfukoni. Leo ameniuliza tena, saa ile ile.

Mpigie wewe.

Dada yako anayekupenda na kukuombea,
Hussa